Jeni za kurithi na magonjwa ya kuambukiza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila mada hii ikiguswa. Nimeyapanga kuanzia mepesi mpaka yale yanayoumiza kichwa, na kama jibu lishatolewa sehemu nyingine ntakuelekeza uende huko, sitarudia.

## Mambo ya msingi

Malaria inaletwa na mbu, TB inaletwa na bakteria. Sasa kurithi kunaingiaje hapo?

Hakuna anayerithi malaria wala TB. Unachorithi ni mwili, na mwili ndo unaoamua mdudu akishaingia atapokelewaje: chembe nyekundu za damu ni za aina gani, kinga inashtuka mapema au inachelewa, kirusi kikifika kinapata pa kushika au hakipati. Mdudu ni yuleyule ila mwili anaoukuta sio uleule.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Denmark, ulitoka mwaka 1988. Watafiti walichukua watu waliolelewa na wazazi wa kuasili toka wakiwa wadogo, wakaangalia mzazi aliyewazaa alikufa na nini na mzazi aliyewalea alikufa na nini. Kama mzazi wa damu alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza kabla ya kufika miaka 50, mtoto nae hatari yake ya kufa kwa maambukizi ilikuwa karibu mara 6 ya wengine, na hapo hawajawahi kuishi nyumba moja wala kukoholeana. Mzazi mlezi akifa kwa maambukizi, ongezeko kama hilo halikuonekana. Cha kushangaza, kwenye kansa mambo yaligeuka, aliyekuwa na uzito ni mzazi mlezi na sio aliyezaa. Yaani ule ugonjwa ambao wengi tunasema "upo kwenye damu ya ukoo" ulionekana kufuata malezi na mazingira, na ule tunaosema ni wa nje ndo ulifuata damu.

Tofauti za kurithi ni kitu gani hasa?

DNA yako ina herufi kama bilioni 3 kutoka kwa kila mzazi, na sehemu kubwa inafanana na ya mtu mwingine yeyote duniani. Pale inapotofautiana ndo tunapazungumzia. Mara nyingi ni herufi moja imebadilika, mara nyingine kipande kimedondoka, au jeni mbili zimeungana vibaya. Nyingi ya tofauti hizi hazifanyi chochote. Chache zinabadilisha protini, au zinazima jeni kwenye aina fulani tu ya seli, na hizo ndo zinakuja kuleta hadithi zote zilizopo hapa chini.

Unapata nakala mbili za kila jeni, moja ya mama moja ya baba (isipokuwa zile za kromosomu X kwa wanaume, ambao wana nakala moja tu). Shika hilo la nakala moja na nakala mbili, manake karibu kila jibu linarudi hapo.

Kwa nini jamii moja iwe nayo kwa wingi na nyingine isiwe nayo kabisa?

Sababu kubwa ni ugonjwa wenyewe. Kama mahali pana ugonjwa unaoua watoto kwa maelfu ya miaka, wale wachache waliozaliwa na tofauti inayowapa unafuu wanaishi, wanazaa, na wanairithisha. Vizazi vikipita inakuwa kitu cha kawaida pale. Haikuja kwa sababu watu "waliizoea" malaria, hapana, ilikuja kwa sababu wengine walikufa, na ni ukweli mchungu ila ndo ulivyo.

Sababu nyingine ni bahati tu. Kundi dogo likihama na kuanzisha makazi mapya linabeba tofauti chache lilizokuwa nazo, ziwe na faida zisiwe nayo. So ukikuta kitu kimejaa kwenye jamii fulani usikimbilie kusema lazima kiliwakinga na kitu, watu wanapenda sana kutunga hizo hadithi na nyingi zinakwama kwenye ushahidi (angalia swali la tauni huko chini).

Kwa hiyo kuna rangi au makabila yenye kinga na mengine hayana?

Hapana, na hili ndo kosa linalonichosha kuliko yote. Jeni zinafuata ramani ya ugonjwa, hazifuati rangi ya ngozi. Mwaka 1949 kijana aliyekuwa anasomea udaktari, anaitwa Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, wenye nakala moja ya jeni ya sikoseli walizidi 20%. Nyanda za juu na sehemu kavu walikuwa chini ya 1%. Hao wote ni Waafrika, wa nchi moja. Alafu jeni hiyohiyo ipo Ugiriki, ipo mashariki mwa Saudi Arabia, ipo India ya kati, kote ambako malaria ilikaa muda mrefu. Nenda kusini kabisa mwa Afrika ambako malaria ilikuwa haba, inapotea.

Pia Afrika peke yake ina tofauti nyingi za kijenetiki kuliko mabara mengine, kwa hiyo mtu akikuambia "Waafrika wana kinga ya kitu fulani" muulize Waafrika wapi na kitu gani. Kinga za kurithi huwa za ugonjwa mmoja, mara nyingine wa aina moja tu ya kimelea, na karibu kila mara zina gharama yake.

## Malaria na damu

Mbona mifano yote huwa ni malaria?

Kwa sababu hamna ugonjwa ulioacha alama nyingi kwenye jeni za binadamu kama huu. Unaua watoto wadogo kabla hawajazaa, umekaa na watu kwa maelfu ya miaka, na kimelea anaishi ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo chochote kinachobadilisha chembe hiyo kinamgusa. Ndo maana orodha ni ndefu: sikoseli, hemoglobini C (hemoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni) huko Afrika Magharibi, hemoglobini E Asia ya kusini mashariki, thalasemia (mwili unatengeneza hemoglobini pungufu) za Mediterania na kwingine, upungufu wa G6PD, chembe za umbo la yai kule Papua New Guinea. Mwanasayansi J.B.S. Haldane alishahisi mwaka 1949 kwamba thalasemia imeenea kwa sababu ya malaria, kabla hata ushahidi haujakusanywa.

AS inamkinga mtu vipi?

Tuanze na hitilafu yenyewe. Herufi moja kwenye jeni ya hemoglobini imebadilika, na protini inapata kiungo kimoja tofauti kwenye nafasi ya 6. Ukiwa na nakala mbili (SS) hemoglobini inajipanga kama nyuzi pale oksijeni inapopungua na chembe inapinda kama mundu, huo ndo ugonjwa wa sikoseli. Ukiwa na nakala moja (AS) unaishi kawaida, kwa sehemu kubwa.

Mwaka 1954 Allison alitoa matokeo ya jaribio ambalo leo lisingepita kamati yoyote ya maadili: watu wazima 30 waliambukizwa malaria kwa makusudi, 15 wenye AS na 15 wasio nayo. Waliopata vimelea kwenye damu walikuwa 14 kati ya wale wa kawaida, na 2 tu kati ya wenye AS. Tafiti kubwa zilizofuata zilirekebisha picha hiyo kidogo. Mwenye AS anaambukizwa, vimelea anavyo, ila hatari ya kupata malaria kali, ile ya kuchanganyikiwa na kuishiwa damu, inashuka kwa karibu 90%. Kwenye malaria ya kawaida unafuu ni mdogo zaidi, na kwenye kuambukizwa tu hauonekani sana.

Kwa nini inafanya kazi bado watu wanabishana, na nadhani majibu yote yana ukweli wake. Chembe yenye kimelea inapinda haraka na bandama inaiondoa. Kimelea anadumaa pale oksijeni ikiwa chini. Na zile protini anazozitoa nje ya chembe ili ing'ang'anie kwenye mishipa midogo ya ubongo zinatoka chache na zimekaa hovyo, so chembe hazigandi kwenye mishipa kama kawaida.

Nina AS, niache kulala kwenye neti na kutumia dawa?

Usithubutu. 90% ni kwenye malaria kali, kwa wastani wa watu wengi, sio hati ya uhakika ya mtu mmoja. Unaweza kuugua, unaweza kulazwa, na hata ukiwa hujisikii vibaya unaweza kuwa na vimelea ambavyo mbu atawapelekea wengine. Homa ikija pima kama mtu mwingine.

Kama nakala moja inakinga, basi SS si atakuwa amekingwa mara mbili?

Watu wengi wanaamini hivi na ni hatari kweli. Mwenye SS tayari damu yake ni pungufu na bandama yake mara nyingi imeshaharibika akiwa mdogo, kwa hiyo malaria ikimpata inamshusha damu ambayo hana. Akiugua malaria uwezekano wa kufa ni mkubwa kuliko kwa mtoto wa kawaida, ndo maana kwenye maeneo ya malaria watoto wenye SS wanapewa dawa za kuzuia. Bandama ikishakufa pia bakteria kama nimokoka wanapata njia, hivyo penisilini ya kila siku utotoni na chanjo sio mapambo.

Mi na mwenzangu wote ni AS, inakuwaje?

Kila mimba: 25% mtoto AA (hana jeni ya sikoseli kabisa), 50% AS, 25% SS. Ni kila mimba upya, sio kwamba ukishapata mmoja SS watatu wanaofuata wako salama. Hapa ndo unaiona gharama kwa macho, jeni inabaki kwenye jamii kwa sababu wenye nakala moja wanapona malaria, na bei inalipwa na wale wanaozaliwa na nakala mbili. Kwa hesabu za utafiti mmoja wa 2018, jeni hii ilianza kwa mtu mmoja kama miaka 7,300 iliyopita, na biashara hiyo imeendelea toka hapo.

Duffy ni nini na kwa nini watu wanaitaja sana?

Duffy ni protini iliyo juu ya chembe nyekundu, na Plasmodium vivax (aina ya malaria iliyojaa Asia na Amerika ya Kusini) anaitumia kama mlango wa kuingilia. Afrika Magharibi na ya Kati karibu watu wote, zaidi ya 95%, hawana protini hiyo kwenye chembe nyekundu. Herufi moja imebadilika pale pa kuwashia jeni, na imezimwa kwenye chembe nyekundu tu, sehemu nyingine za mwili inawaka kama kawaida. Louis Miller na wenzake ndo walionyesha mwaka 1976 kwamba watu hawa hawashikwi na vivax, na ndo sababu vivax ni haba kwenye ukanda huo.

Sasa usichanganye, hii haikusaidii chochote dhidi ya falciparum, kimelea mwingine wa malaria, ambaye ndo anayeua zaidi, yeye ana milango mingine. Na hata kwa vivax siku hizi kuna lakini, soma swali la "vimelea navyo havibadiliki?".

Nimeambiwa nina upungufu wa G6PD, ni mbaya?

Inategemea unakutana na nini. G6PD ni kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu isiungue na kemikali fulani. Watu kama milioni 400 duniani wanacho pungufu, na wengi hawajui mpaka siku wanapewa dawa isiyowafaa. Jeni iko kwenye kromosomu X kwa hiyo wanaume ndo wanaonekana zaidi, wanawake wanaweza kuwa katikati na kipimo kikawadanganya.

Dawa ya kuiogopa ni primakwini, inayotumika kuua vivax aliyejificha kwenye ini. Ugunduzi wenyewe ulikuja hivyohivyo, miaka ya 1950 walikuwa wanaijaribu Marekani wakaona baadhi ya watu mkojo unakuwa mweusi na damu inashuka, mwaka 1956 wakapata sababu. Tafenokwini ni kali zaidi kwa sababu inakaa mwilini wiki kadhaa, huwezi kuisitisha ukiona dalili, lazima upime kwanza. Maharage aina ya fava nayo yanaleta shida. Cha kuudhi ni kwamba jeni iliyoenea kwa sababu ya malaria ndo hiyohiyo inafanya dawa ya kumaliza malaria iwe ya hatari.

Grupu la damu lina uhusiano?

Upo, ila mdogo kuliko watu wanavyodhani. Grupu O wana unafuu kwenye malaria kali, kwa sababu chembe zenye kimelea hazishikamani sana na chembe nyingine. Kipindupindu ni kinyume, O akiugua anaugua vibaya zaidi, na kwenye delta ya mto Ganges ambako kipindupindu kina historia ndefu grupu O ni wachache. Grupu moja linakupendelea hapa linakuuza pale.

Kuna grupu lingine adimu linaitwa Dantu, watafiti wa Kilifi wamelichimba sana. Linapunguza malaria kali kwa takriban 40%, na sababu yake ni ya kimakanika kabisa: ngozi ya chembe imekaza kuliko kawaida. Waliweka kamera kwenye darubini wakamwangalia kimelea anajibandika, anasukuma, anashindwa kuingia, anaachia. Chembe laini ya jirani anaingia. Kwa hiyo hata kwa mtu asiye na Dantu, chembe zake zilizokaza zaidi zinashambuliwa kidogo.

## Virusi

Ni kweli kuna watu hawapati HIV?

Wapo, wachache sana. HIV inaingia kwenye seli ikishika vipokezi viwili, na kimojawapo mara nyingi ni CCR5. Mwaka 1996 iligundulika kwamba kuna watu wana jeni ya CCR5 iliyodondosha herufi 32, kipokezi hakifiki juu ya seli kabisa. Ukiwa na nakala mbili unakuwa mgumu sana kuambukizwa. Hiyo ni kama 1% ya watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na nje ya hapo karibu haipo. Mwenye nakala moja anaambukizwa ila ugonjwa unaenda taratibu.

Na hata mwenye mbili sio salama moja kwa moja, kuna aina za HIV zinazotumia kipokezi kingine, CXCR4, na watu wa namna hiyo walioambukizwa wameshaonekana. Timothy Ray Brown ndo alifanya jeni hii ijulikane, alikuwa na HIV na saratani ya damu, mwaka 2007 akapandikizwa uboho Berlin kutoka kwa mtu mwenye nakala mbili, HIV ikaisha. Alifariki 2020 kwa saratani kurudi, sio kwa HIV.

Na wale wanawake wa Nairobi?

Swali zuri, kwa sababu wao hawakuwa na CCR5 iliyokatika. Toka miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia wanawake wanaouza ngono mtaa wa Majengo, na wachache walibaki bila HIV miaka mingi japo walikutana nayo mara nyingi mno. Ilionekana wana kinga ya seli inayotambua HIV, na aina fulani za HLA zilijitokeza zaidi kwao. Alafu ikaja habari ya kusikitisha: baadhi ya waliopunguza ile kazi waliporudi wakaambukizwa. Kwa maana hiyo jeni ilikuwa sehemu tu ya maelezo.

HLA ndo nini tena?

Ni protini zinazobeba vipande vya mdudu na kuvionyesha nje ya seli ili kinga ivione. Ni moja ya sehemu zenye tofauti nyingi kuliko zote kwenye DNA ya binadamu, na kuna sababu, jamii ambayo wote wana HLA ya aina moja inaweza kupigwa wote na mdudu mmoja aliyejua kuikwepa. HLA-B57 inasaidia mwili kuidhibiti HIV bila dawa kwa muda mrefu. Ila moja ya ndugu zake, B*57:01, inafanya dawa ya HIV inayoitwa abakaviri ilete mzio mkali unaoweza kuua, ndo maana inapimwa kabla ya kuandikiwa. HLA-B53 nayo ilihusishwa na unafuu wa malaria kali huko Gambia mwaka 1991.

Kwenye Covid jeni zilichangia kiasi gani?

Umri na magonjwa mengine vilichangia zaidi, tuanzie hapo. Ila kuna kipande kwenye kromosomu ya 3 kinachoongeza hatari ya kuzidiwa mpaka kuwekewa mashine, na 2020 ikaonekana kimetoka kwa Neanderthali, wale binadamu wa kale waliochanganyika na mababu wa watu wa nje ya Afrika. Kusini mwa Asia karibu nusu ya watu wanacho, Ulaya kama 16%, Afrika karibu hakipo. Kipande kingine cha kromosomu ya 12, nacho cha Neanderthali, kinafanya kinyume, kinapunguza hatari. Usitumie hii kueleza nchi gani ilipoteza watu wangapi, umri wa watu wa nchi na upimaji vinavuruga hesabu hiyo kabisa.

Kuna jeni ya kutoharisha?

Ipo karibu na hapo! Kama mtu mmoja kati ya watano kwenye jamii nyingi ana jeni ya FUT2 isiyofanya kazi, na norovirusi za aina iliyoenea zaidi zinakosa pa kushika kwenye utumbo wake. Familia nzima inaharisha na kutapika yeye yupo tu anawaangalia. Watoto wa aina hii pia chanjo ya matone ya rotavirusi haiwashiki vizuri, kwa sababu virusi vya chanjo navyo vinahitaji pale pale.

## TB, malale na wengine

Kwa nini mmoja anaugua TB na mwingine wa nyumba ileile haugui?

Robo ya watu duniani inakadiriwa wameambukizwa TB, na wanaokuja kuugua maishani ni kama 5 mpaka 10%. Sehemu ya tofauti hiyo ni HIV, lishe, kisukari, kiasi cha hewa uliyovuta. Sehemu nyingine ni kurithi, mapacha wa kufanana wanaugua wote wawili mara nyingi kuliko mapacha wasiofanana.

Mfano wa kutisha ni Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930. Watoto wachanga zaidi ya 250 walipewa chanjo ya BCG ya kumeza ambayo maabarani ilikuwa imechanganyika na TB halisi. Zaidi ya 70 walikufa. Wengi waliobaki waliugua na kupona wenyewe, enzi hizo hakuna dawa hata moja. Kiasi walichomeza kilitofautiana, so sio jeni peke yake, ila ilionyesha mdudu mmoja watoto wachanga tupu na matokeo yanaachana kiasi gani.

Jeni moja kubwa ya TB kama ya sikoseli haijapatikana. Kuna chache zenye nguvu, mfano TYK2 yenye hitilafu ikiwa nakala mbili, na nyingi ndogondogo ambazo ukipima watu wa nchi moja unaziona na ukienda nchi nyingine huzioni.

APOL1 na figo vinahusianaje na mbung'o?

Damu ya binadamu ina protini APOL1 inayowaua vimelea wengi wa jamii ya malale. Wawili wamejua kuikwepa, rhodesiense wa mashariki na gambiense wa magharibi na kati. Afrika Magharibi zikaenea aina mbili za APOL1, zinaitwa G1 na G2. G2 inamrudishia mtu uwezo wa kumuua rhodesiense. G1 inahusishwa na kubaki na gambiense bila kuugua sana, wakati G2 kwa huyohuyo gambiense inaonekana kuongeza ugonjwa. Jeni ileile, kimelea ndugu, jibu linageuka.

Mwaka 2010 ikajulikana ukiwa na nakala mbili za hizi hatari ya ugonjwa wa figo inapanda sana. Hiyo ni sehemu kubwa ya maelezo ya kwa nini Wamarekani weusi wanaugua figo zaidi, watu wanaishi mbali na mbung'o kabisa ila bado wanailipia.

## Maswali magumu

Ukirithi kinga mbili zinajumlishwa?

Sio lazima. Kilifi, mwaka 2005, walionyesha kwamba AS peke yake inakinga, thalasemia ya alfa peke yake inakinga, ila mtoto mwenye zote mbili unafuu unapotea karibu wote. Inadhaniwa thalasemia inapunguza kiasi cha hemoglobini S ndani ya chembe, na bila kiasi cha kutosha ule ujanja haufanyi kazi. Hii inasaidia kueleza kwa nini sehemu zingine hizi jeni mbili zinabanana bila moja kutawala.

Vimelea navyo havibadiliki?

Wanabadilika sana, na kwa kasi kuliko sisi. Vivax sasa ameonekana kwa watu wasio na Duffy, Madagascar, Ethiopia na kwingine, japo kwa vimelea wachache kwenye damu. Kwa falciparum, utafiti wa Gambia na Kenya uligundua vimelea wenye jeni fulani ndo hao wanaokutwa kwa watoto wenye AS waliougua malaria kali, yaani wapo walioanza kuizunguka kinga ya sikoseli. Na hawako kwa wingi sawa kila nchi. Kinga ya kurithi inapimwa dhidi ya kimelea wa mahali pale na wakati ule, ukihamisha namba ya Gambia kwenda kwingine unaweza kukosea.

Tauni ya Ulaya iliacha jeni?

Inawezekana, ila hapa tulieni. Tauni ya 1346 mpaka 1353 iliua sehemu kubwa ya Ulaya, na mwaka 2022 watafiti waliopima mifupa ya London na Denmark walisema jeni ya ERAP2 ilibadilika baada yake. Wengine wakarudia hesabu wakasema sampuli ni chache na mabadiliko yanaweza kuwa bahati. Ile nyingine maarufu, kwamba CCR5 iliyokatika ilienea kwa sababu ya tauni, ndo dhaifu zaidi, inaonekana ilikuwepo zamani kabla.

Wenyeji wa Amerika walikufa kwa sababu ya jeni dhaifu?

Maelezo haya yamerahisishwa mno. Ni kweli ndui na surua viliwakuta watu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuvipata, na ni kweli HLA zao zilikuwa na aina chache. Lakini ugonjwa mgeni unapoingia jamii yoyote, wote wanaugua kwa mpigo na hakuna wa kumpa mwingine maji. Ongeza vita, utumwa, kunyang'anywa ardhi na njaa. Mtu anayesema ni jeni tu anawapunguzia lawama waliofanya hayo mengine.

Mtoto wangu alizidiwa na kirusi cha kawaida kabisa, inaweza kuwa jeni?

Mara chache, ndio. Kuna hitilafu za jeni moja zinazofungua njia kwa mdudu mmoja tu: jeni ya TLR3 na hepesi ya kwenye ubongo, hitilafu za interferoni gama (protini ya kinga) na bakteria wa chanjo ya BCG kusambaa mwili mzima, upungufu wa protini za mwisho za komplementi (protini za kinga zilizo kwenye damu) na homa ya uti wa mgongo inayojirudia. Dalili za kumfanya daktari afikirie hivyo ni maambukizi makali yanayorudi, mdudu ambaye kwa kawaida hadhuru mtu, au ndugu wa tumbo moja aliyekufa hivyohivyo. Mafua ya kila mwezi kwa mtoto aliyeanza shule sio hayo.

Nipime jeni zangu zote nijue nitaugua nini?

Kwa magonjwa ya kuambukiza, kipimo cha mate cha kununua mtandaoni hakitakuambia kitu cha maana. Vinavyosaidia ni vichache na vina kazi maalum: aina ya hemoglobini kabla ya kuzaa, G6PD kabla ya primakwini au tafenokwini, HLA-B*57:01 kabla ya abakaviri. Na kumbuka tafiti nyingi za jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, alama zao za hatari zikitumika kwa Mwafrika zinakosea mara nyingi.

Kwa nini wasibadilishe tu jeni za watoto wote wasipate HIV?

Mtu mmoja alijaribu. Novemba 2018 He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao alihariri CCR5 yao wakiwa viinitete, dunia nzima ya sayansi ikamlaani, na mwisho wa 2019 akahukumiwa miaka 3 jela. Shida sio maadili peke yake. Watu wasio na CCR5 kabisa wanaugua vibaya zaidi wakipata virusi vya West Nile, so unamtoa mtoto kwenye hatari moja, ambayo ina njia nyingine za kuizuia, unamwingiza kwenye nyingine. Na kwa data alizoonyesha mwenyewe, mabadiliko waliyopata wale mapacha hayakuwa yale ya herufi 32 yanayojulikana, yalikuwa mapya ambayo hayajawahi kuonekana kwa mtu yeyote.